Operesheni tumechangia, mtoto atalala wapi?

Wadau, leo naomba tuongelee mstari mmoja tu. Upo kwenye barua ambayo wengi wenu mmeshaiona, maana siku hizi inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila baada ya siku chache: barua ya makadirio kutoka hospitali ya India. Juu kuna jina la mtoto na umri wake (miaka 2, miaka 3), kisha jina la ugonjwa ambalo nusu ya kundi haiwezi kulitamka, kisha gharama kwa dola. Chini ya gharama ndipo ulipo huo mstari. Unasema mgonjwa atakaa hospitalini siku kadhaa, tuseme 10, na nje ya hospitali siku nyingine kadhaa, tuseme 15 au 20, kabla ya kuruhusiwa kupanda ndege kurudi nyumbani.

Kazi ya uandishi wa habari imenifanya nizisome barua hizi nyingi kuliko ninavyopenda. Wazazi wanakuja chumba cha habari na bahasha, wanaomba itoke ili wasamaria wema waguswe. Nimekaa pia kwenye vikao vya michango, vya ukoo na vya kazini. Tunajadili dola za operesheni mpaka senti ya mwisho. Tunajadili nauli, nani ana rafiki kwenye shirika la ndege, nani anaweza kupunguziwa. Sijawahi kumsikia mtu akinyoosha mkono na kuuliza: hizo siku 20 za nje, nje wapi?

Nje ni pana jamani. Nje ya hospitali ya Chennai ni jiji la mamilioni ya watu wanaoongea Kitamil, joto la mwezi Mei linalofika nyuzi 40, na barabara ambayo bajaji zake hazikusubiri hata kama umembeba mtoto mwenye kidonda kifuani. Huko ndiko tunakompeleka mama wa Tabata au wa Tandahimba, peke yake mara nyingi, na mtoto mgonjwa mkononi. Tukishampungia mkono uwanjani tunajiona tumemaliza kazi. Nasema hatujamaliza. Na nasema wazi zaidi: mahali anapolala mtoto huyo katika zile siku za nje ni sehemu ya matibabu yake, sawasawa na dawa, na kila anayepanga safari hizi bila kupanga malazi anaharibu operesheni aliyoilipia.

Tuanze na hizo siku zenyewe, maana wapo wanaodhani ni siku za kutembea sokoni.

Mtoto akipasuliwa moyo kwa kufunguliwa kifua, mfupa wa kifua unakatwa, na kuunga kwake kunachukua kama wiki 6. Mama anafundishwa asimnyanyue mtoto kwa kumshika makwapani kama tulivyozoea, ambebe kwa kumkinga mgongo na makalio. Kidonda kinatakiwa kikae kikavu na kisafi. Anarudi kliniki kuangaliwa, anapimwa tena, daktari akiridhika ndiyo anaandika barua ya kuruhusu ndege. Sasa mweke mtoto huyo ghorofa ya tatu kwenye gesti isiyo na lifti. Mama anapanda na kushuka naye mara ngapi kwa siku? Kwenda kliniki, kutafuta maji, kutafuta chakula, kununua pampasi. Kila ngazi ni maumivu kwa mmoja na hofu kwa mwingine.

Mtoto wa saratani yuko pabaya zaidi. Dawa zinashusha kinga ya mwili, na anaweza kuwa nje ya hospitali kati ya mzunguko mmoja wa dawa na mwingine. Joto lake likifika nyuzi 38 hiyo ni dharura, anatakiwa awe hospitali haraka, iwe saa saba mchana au saa nane usiku. Ukimpangia chumba kilichopo mwendo wa saa nzima kwa gari kwa sababu "huko ni rahisi", umeokoa rupia na kuweka rehani roho.

Kuna na hawa wa kupandikizwa uroto, wakiwemo watoto wenye selimundu. Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma ilianza kuwafanyia watoto wetu huduma hiyo mwaka 2023, na ni jambo la kujivunia, lakini familia za kwenda India bado zipo. Kwa upandikizaji, siku 100 za mwanzo ndizo za kuangaliwa kwa karibu kabisa. Siku 100! Hiyo si safari, hiyo ni kuhamia. Mtu anahama na mtoto kwenda nchi nyingine kwa miezi mitatu na sisi kwenye bajeti tumemwandikia "pesa ya matumizi".

Haya, sasa mama kafika. Kama kapanda Air Tanzania, ambayo ilianza kwenda Mumbai mwaka 2019, na hospitali yake iko Chennai, ana safari nyingine ya ndege ya karibu saa mbili mbele yake. Anatua, anapokelewa na mtu wa hospitali mwenye kibao cha jina. Hilo niwasifu wenzetu, hospitali zao kubwa zina dawati la wagonjwa wa kimataifa na gari la kuwapokea. Lakini dawati linashughulika na hospitali. Ukiuliza malazi unapewa karatasi yenye majina ya gesti za jirani, utajijua.

Jambo la kwanza ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute: India siyo kila nyumba ya wageni inampokea mgeni wa nje. Sheria ya nchi ile inamtaka mwenye nyumba ya kulala wageni atoe taarifa serikalini ndani ya saa 24 kila anapompokea raia wa kigeni, kwa fomu ambayo kwa miaka mingi imejulikana kama Fomu C. Sheria mpya ya uhamiaji ya mwaka 2025 haikuondoa wajibu wa kutoa taarifa. Gesti ndogo nyingi hazitaki usumbufu huo, au hazijajisajili kufanya hivyo. Kwa hiyo unaweza kulipia chumba kwenye mtandao ukiwa Dar, ukafika na mizigo na mtoto, mtu wa mapokezi akatazama pasipoti yako ya kijani au ya bluu akatikisa kichwa. Foreigner, no. Mama mmoja alinisimulia kwamba alitikisiwa vichwa viwili hivyo usiku mmoja, mtoto ana siku mbili tu tangu atoke wodini. Wa tatu akamkubalia kwa bei iliyopanda palepale mezani. Alilipa. Ungekuwa wewe ungefanyaje, ubishane?

Jambo la pili ni rangi yetu, na hapa tusizungushe maneno. Wapo Wahindi wengi wenye huruma, wenye nyumba waliowaita watoto wetu wajukuu zao, na mama zetu wanarudi wanawataja kwa majina. Lakini Januari 2014, waziri wa sheria wa serikali ya jimbo la Delhi aliongoza kundi la watu usiku wa manane kwenye nyumba za wanawake wa Kiafrika mtaa wa Khirki Extension. Januari 31, 2016, jijini Bangalore, mwanafunzi wa kike Mtanzania alishambuliwa na kundi la watu na gari alilokuwamo likachomwa moto, kwa sababu ya ajali iliyosababishwa na Msudani ambaye yeye hakuhusika naye kwa lolote. Sisemi haya ili mtu aogope kwenda kutibiwa. Nasema ili muelewe kwamba mama wa Kiafrika anayezunguka mitaani jioni akitafuta chumba, na mtoto mgongoni, hatafuti kama anavyotafuta mtalii wa Kizungu. Anahitaji mlango ambao umeshafunguliwa kabla hajaondoka nyumbani.

Jambo la tatu ni chumba chenyewe. Tukisema gesti nzuri sisi tunawaza tiles, televisheni na AC. Mtoto wa miaka 2 aliyetoka kupasuliwa hana shida na televisheni. Anahitaji vitu ambavyo havimo kwenye picha za tangazo:

- Dirisha lenye nondo au kizuizi, maana ghorofani ndiko vyumba vingi viliko, na mtoto akianza kupona kitu cha kwanza anachofanya ni kupanda.

- Maji ya moto, na mahali pa kuchemsha ya kunywa. Tumbo la kuhara kwa mtoto aliyetoka wodini linamrudisha wodini.

- Neti. Mbu wa dengue anauma mchana, na mchana ndiyo mtoto anapolala.

- Kitanda kigumu kiasi, kisichoacha upenyo kati ya godoro na ukuta. Kama ni mchanga wa miezi, alale chali sehemu yake mwenyewe, siyo kwenye sofa.

- Hewa. Anayekwenda Delhi mwezi Novemba aulize chumba kiko mbali gani na barabara kuu, maana moshi wa Delhi msimu huo unajulikana duniani kote. Na anayekwenda Januari aulize hita, kwa sababu usiku unaweza kushuka mpaka nyuzi 5 na gesti nyingi hazina.

- Adapta. Plagi zetu za miguu bapa haziingii kwenye soketi zao za matundu ya duara. Kitu cha bei ndogo kabisa, lakini ukifika usiku bila nacho huchemshi maziwa.

- Na zaidi ya yote, jiko.

Hapo kwenye jiko niruhusuni nikae kidogo. Mtoto mgonjwa hali. Mtoto mgonjwa kwenye nchi ya ugenini ndiyo hali kabisa. Umletee wali wenye pilipili na majani ya mchuzi asiyoyajua, anageuza uso. Daktari anasema lazima ale apone, na mama analia kwa sababu chumba kimebandikwa tangazo "kupika marufuku". Anachotaka mtoto ni uji. Uji tu! Na uji upo India wadau. Ulezi, ambao asili yake ni nyanda za juu za huku kwetu Afrika Mashariki na ulisafiri kwenda India maelfu ya miaka iliyopita, wanauita ragi, na kusini mwa India, Chennai na Bangalore, unga wake uko madukani kama sembe ilivyo Manzese. Mama anayejua neno hilo moja, na mwenye jiko dogo la umeme chumbani, mtoto wake anakunywa uji wa nyumbani asubuhi. Mama asiyejua anamaliza pesa kwenye biskuti. Nani alitakiwa amwambie? Nani alitakiwa amtafutie chumba chenye jiko?

Sasa tuje kwa wenye makosa, maana makosa yapo na yana wenyewe.

Wa kwanza ni sisi wa kamati za michango. Tunapenda kuchangia kitu chenye jina kubwa. Mtu akitoa milioni kwa ajili ya "operesheni ya moyo" anapigiwa makofi. Akitoa laki tano kwa ajili ya "kodi ya chumba" watu wanaangaliana, kana kwamba mama anataka kwenda kustarehe. Nimewasikia wanaume wazima wakisema kikaoni, "Hilo la hoteli atajibana hukohuko." Atajibana wapi? Mtoto akiwa chumba cha wagonjwa mahututi mzazi haruhusiwi kulala humo. Akitoka wodini kitanda anapewa mgonjwa mwingine. Kujibana maana yake ni kulala kwenye viti vya mapokezi mpaka mlinzi akufukuze.

Na kwa kubana hukohuko tunamwondoa msindikizaji wa pili. Viza ya matibabu ya India inaruhusu wasindikizaji mpaka wawili. Sisi tunakata mmoja ili kuokoa nauli, kisha tunashangaa kwa nini mama kashindwa kwenda kukagua vyumba vitatu na kuchagua kimoja. Alimwachia nani mtoto?

Wa pili ni madalali wa matibabu. Wapo waaminifu, na wametusaidia. Lakini tusijifanye hatujui biashara inavyokwenda: dalali anayekupeleka hospitali anapata chake hospitalini, na anayekupeleka gesti anapata chake gesti. Kwa hiyo anakupeleka gesti inayomlipa, na siyo lazima iwe gesti inayomfaa mtoto. Mzazi anaambiwa "malazi tumeshapanga" na anashukuru, hajui kwamba nyumba iliyofuata ina lifti, ina jiko na ina bei pungufu. Dalali aseme hadharani anapata kiasi gani kwa kila usiku. Kama ni halali, anaficha nini?

Wa tatu ni serikali yetu. Kumpa mtoto rufaa ya kwenda nje ni jambo kubwa na familia nyingi hazitasahau. Lakini rufaa isiyotaja chumba ni rufaa nusu. Tuna ubalozi New Delhi. Tuna wanafunzi waliosoma Pune, Bangalore na Hyderabad tangu wazee wetu wakiwa vijana. Tuna miongo ya wagonjwa waliokwenda na kurudi wakiwa na majina ya mitaa, majina ya gesti, bei na vituko vyake vyote vichwani. Maarifa hayo yako wapi? Yako kwenye simu za watu. Kila mama anayekwenda anaanza moja, kana kwamba hakuna Mtanzania aliyewahi kukanyaga Greams Road.

Najua mtakayonijibu, kwa hiyo niyajibu kabisa.

Mtasema: tumejenga Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, tangu 2015 watoto wanatibiwa hapahapa, habari za India zimepitwa. Nakubali nusu. Kila mtoto anayefanyiwa operesheni Upanga badala ya Chennai ni ushindi, na natamani siku moja makala hii isiwe na maana. Siku hiyo haijafika. Hao wanaoendelea kwenda ni wale wa magonjwa magumu zaidi, ndiyo maana wanakwenda, na wagonjwa wagumu ndio wenye siku nyingi za nje.

Mtasema: akafikie kwa ndugu. Hii ndiyo desturi yetu na ni nzuri, Mswahili hafikii hotelini kama ana ndugu mjini. Tatizo ni kwamba Chennai hatuna ndugu kama tulionao London au Muscat. Tunao wanafunzi wanaolala watatu chumba kimoja, ambao mwenye nyumba anawaruka kooni wakileta mgeni. Mkimtegemea kijana wa miaka 20 aliyeko kwenye mitihani ampokee mtoto mwenye kinga iliyoshuka, mmewaonea wote wawili.

Mtasema: hela hakuna. Tupige hesabu basi, kwa mfano tu. Chumba cha kawaida tukikadirie rupia 1,500 kwa usiku. Usiku 20 ni rupia 30,000. Rupia moja tuichukue kwa shilingi 30, hiyo ni shilingi 900,000. Wa siku 100 ni rupia 150,000, yaani milioni 4 na nusu. Sasa tuseme tumekodi fleti ya vyumba vitatu karibu na hospitali kwa rupia 60,000 kwa mwezi, familia tatu kwa wakati mmoja, jiko moja. Kila familia inaangukia kama rupia 670 kwa usiku, chini ya nusu. Badilisheni tarakimu mnavyotaka, hoja inabaki: chumba cha dharura kinachokodishwa na mtu aliyechoka saa tano usiku ndicho chumba cha gharama kubwa kuliko vyote. Tunakilipia kila siku, ila tunakilipia kimoja kimoja, kwa machozi ya mtu mmoja mmoja, ndiyo maana hatuoni jumla yake.

Na hakuna ninachopendekeza ambacho hakijawahi kufanywa. Wahindi wenyewe waliokuja pwani yetu walikuja na musafirkhana. Khoja wa Mombasa au Dar akipata mgeni wa jumuiya yake aliyetoka mbali, kulikuwa na nyumba ya kumlaza. Walielewa kwamba msafiri wa jumuiya yao ni mgeni wa jumuiya nzima. Mumbai leo kuna dharamshala ya Gadge Maharaj pale Dadar, inayowapokea wagonjwa wa saratani wanaotibiwa hospitali ya Tata Memorial. Jijini humohumo, tangu 2006, kuna vituo vya St. Jude India vinavyowalaza bure watoto wa saratani na wazazi wao kutoka familia maskini, na wazazi wanawapikia watoto wao wenyewe. Marekani, binti wa mchezaji wa timu ya Philadelphia Eagles aliugua saratani ya damu. Wazazi wake wakaona familia nyingine zinavyolala kwenye viti vya hospitali. Mwaka 1974 ikafunguliwa nyumba moja jirani na hospitali, kwa msaada wa kampuni ya baga, ndiyo hiyo hiyo mnayoijua. Leo kuna zaidi ya nyumba 300 za namna hiyo duniani. Nyumba moja ya kwanza ilianza na watu waliouliza swali ambalo vikao vyetu haviulizi.

Tena hata sisi tunajua. Tuna nyumba za kusubiria wajawazito kwenye hospitali za mikoani, kwa sababu tulielewa kwamba mama wa kijijini hawezi kusafiri usiku uchungu ukianza. Tuna Ujasiri House ya Tumaini la Maisha hapa Dar, kwa watoto wa saratani wanaotoka mikoani kutibiwa Muhimbili. Tukiwa ndani ya mipaka yetu akili inafanya kazi. Mtoto akivuka bahari tunamwachia Mungu na mtu wa mapokezi.

Kwa hiyo nataka nini? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkutano wa kimataifa.

Moja, kila rufaa ya mtoto kwenda nje iwe na mstari wa malazi: siku ngapi, wapi, umbali gani kutoka hospitali, nani analipa. Kama mstari huo mtupu, rufaa haijakamilika.

Mbili, ubalozi utunze na kutangaza orodha ya nyumba zinazopokea wageni kihalali katika miji ambayo tunapeleka wagonjwa, na kila familia inayorudi iulizwe: mlilala wapi, bei gani, kulikuwa na jiko, walikutendeaje? Hiyo ni kazi ya simu moja na daftari.

Tatu, nyumba. Angalau moja, kwenye mji unaopokea watoto wetu wengi zaidi. Makanisa, misikiti, vyama vya Watanzania wanaoishi India, kampuni za simu zinazojitangaza kwa kugawa madawati: hii hapa kazi. Ikodiwe, iwe na mtu mmoja anayeongea Kiswahili na lugha ya pale, na iwe na sufuria za kutosha.

Nne, sisi wa vikao. Kikao kijacho, kabla ya kupitisha bajeti, soma barua mpaka chini. Andika siku za nje kama mchango wenye jina, na usafirishe wasindikizaji wawili pale inapowezekana. Na atakayesema "atajibana hukohuko", muombe alale usiku mmoja kwenye benchi la Muhimbili na mtoto wa miaka 2, aje atueleze.

La mwisho. Siku hizi wapo wazazi wanaotoka Comoro kuja kutibiwa Dar es Salaam na watoto wao. Wanashuka uwanjani, wanaongea lugha inayofanana na yetu, wanatafuta mahali pa kulala Upanga na Kariakoo. Kwao sisi ndio Chennai. Nimezunguka gesti za maeneo hayo kuangalia. Nyingi zimejengwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa mizigo, na nyingine kwa ajili ya watu wawili wanaotaka mlango ufungwe na muziki uwe juu. Niliuliza kwenye mapokezi sita kama naweza kupata chumba cha mama na mtoto anayetoka hospitali, chenye mahali pa kuchemshia uji. Wawili walicheka. Watatu walisema hapana. Mmoja alisema nirudi jioni bosi akiwepo, atafikiria.

Nitarudi. Nyie mlio karibu na Upanga, mnaifahamu yoyote ambayo mama huyo anaweza kuingia leo?